Jino limeng'olewa, tumbo linaharisha: maziwa ya mgando yanasaidia wapi?

Mwezi huu tunajibu ulizo moja ambalo limetufikia kutoka pande zote za kambi. Mnatuuliza kwenye foleni ya maji, mnatuuliza tukitoka kanisani na msikitini, hata siku ya mgao mnatushika mkono: "Eti mtu akitoka kung'oa jino anapaswa kunywa maziwa ya mgando? Ni kweli yanaponyesha kidonda?"

Jibu letu lina sehemu mbili, na watu wengi wanashika moja tu. Lakini kwanza tuwasimulie ya mama mmoja jirani yetu. Tumemwomba ruhusa naye akakubali, akasema tusiandike jina wala kijiji. Tunamwita Mama tu.

Mama aliumwa na gego la chini muda wa miezi. Shavu likavimba, usingizi ukaisha. Akaenda kituo cha afya, munganga wa meno akaling'oa, akaona usaha. Kwa hiyo akampa dawa za kuua mikrobi, zile tunazoziita antibiotiki: amoxi na Flagyl za siku tano, pamoja na dawa ya maumivu. Siku ya kwanza na ya pili alikuwa salama. Siku ya tatu tumbo likaanza kuharisha, mara nne, mara tano kwa siku. Majirani wakasema dawa imekataana na mwili wake, aiache. Akaiacha. Dada mwingine akamwambia atafute "mikrobi nzuri" dukani. Muuza dawa akamwonyesha kopo la vidonge, akamhakikishia kwamba shimo la jino litajifunga kwa siku mbili. Mama aliuza mahindi na maharagwe ya watoto akanunua lile kopo.

Siku ya sita uvimbe ulirudi, safari hii chini ya taya, kuelekea shingoni. Mdomo ukawa haufunguki zaidi ya upana wa kidole. Usiku wakampakia kwenye boda hadi kituo, na asubuhi ambulansi ikampeleka Mbarara. Alirudi baada ya siku tisa, amekonda, lakini yuko hai. Siku tuliyomtembelea alituambia hivi: "Mimi sikukataa dawa kwa ujeuri. Niliogopa choo. Na nilifikiri nimepata dawa nyingine inayofanya kazi ile ile."

Hapo ndipo penye shida yote. Mama alichanganya tumbo na shimo la jino. Mikrobi nzuri zinaweza kulisaidia tumbo. Shimo lina mambo yake.

MIKROBI NZURI NI KITU GANI?

Kwa lugha ya wanganga zinaitwa probayotiki. Mwaka 2001 wataalamu wa FAO na WHO walikutana kule Argentina wakakubaliana maana yake: ni vijidudu vilivyo hai ambavyo, mtu akivipata kwa kiasi cha kutosha, vinamletea faida mwilini. Shikeni maneno mawili, "hai" na "kiasi cha kutosha", tutayarudia.

Mambo haya si mageni. Mwaka 1905 daktari kijana wa Bulgaria, Stamen Grigorov, aliona kwa darubini kijidudu kinachogandisha maziwa ya kwao. Baada yake Élie Metchnikoff wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris alieneza wazo kwamba maziwa hayo ndiyo yanawapa wazee maisha marefu. Alizidisha kidogo, lakini njia aliifungua. Na sisi je? Waliotoka Kivu wanajua mashanza, Wanyarwanda wana ikivuguto, hapa Uganda dukani mtu anaomba bongo, Tanzania wanasema mtindi. Bibi zetu hawakuwa na darubini, ila walijua kwamba maziwa mabichi yakimsumbua mtu tumboni, ya mgando mara nyingi hayamsumbui. Leo sababu inajulikana: vijidudu hivyo vinakula sehemu ya sukari ya maziwa, ile ambayo matumbo ya watu wazima wengi hayaiwezi.

TUMBO

Antibiotiki haina macho. Ikiingia mwilini kuua mikrobi ya usaha wa jino, inapita pia utumboni na kuua wakazi wema wanaotusaidia kusaga chakula na kuzuia mikrobi mibaya isijenge. Nyumba ikibaki tupu, tumbo linalegea. Ndiyo kuharisha kwa Mama. Dawa haikukataana na damu yake wala hakulogwa. Kwa watu wengi ni kuharisha kwepesi, na kunaisha dawa ikiisha.

Je, mikrobi nzuri zinazuia hali hiyo? Hapa tuna ushahidi mzuri, hasa kwa watoto. Mwaka 2019 shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya tafiti na kuzipima upya, lilichapisha hesabu ya tafiti 33 zenye watoto zaidi ya 6,000 waliokuwa wanatumia antibiotiki. Kati ya waliopewa probayotiki, 8 katika kila 100 waliharisha. Kati ya wasiopewa, 19 katika kila 100. Si uchawi, kuna walioharisha pande zote mbili, lakini tofauti ni kubwa. Kijidudu kimojawapo kilichofanya vizuri kinaitwa Lactobacillus rhamnosus, na kipimo walichokipendekeza ni kati ya bilioni 5 na bilioni 40 kwa siku. Msishtuke, vijidudu ni vidogo sana, bilioni zinaingia kwenye kikombe.

Sasa habari ambayo imetufurahisha. Kijidudu hicho kilipatikana Marekani mwaka 1983, kutoka utumbo wa mtu mwenye afya, na kwa miaka mingi kiliuzwa na makampuni kwa bei ya matajiri. Haki za kampuni zilipoisha muda, watu wa Uholanzi walianzisha shirika linaloitwa Yoba for Life, wakaleta mbegu ya kijidudu kile kile hapa Uganda, katika pakiti ndogo ya unga. Watu wa kawaida, wakiwemo wafugaji na akina mama wa vikundi wa magharibi hii tunayoishi, wanaitia kwenye maziwa yaliyochemshwa na kupata yogati ya probayotiki. Hata bushera inaweza kutengenezwa nayo. Mkiona yogati yenye jina Yoba inauzwa sokoni, mjue ndiyo hiyo.

Na mashanza yetu ya nyumbani? Tuwe wakweli. Yana vijidudu hai, lakini hakuna aliyevihesabu katika kibuyu chako, wala kujua ni vya aina gani. Yanaweza kusaidia, na ni chakula kizuri kwa mtu asiyeweza kutafuna. Hatuwezi kuwaambia kwamba yamepimwa kama ile yogati. Tukiwa na uwezo wa kuchagua, tunachagua ile iliyopimwa. Tusipokuwa nao, mgando wa nyumbani uliotengenezwa kwa usafi si haba.

Tuongeze moja ambalo wauzaji hawalitaji. Mwaka 2018 wachunguzi wa Israel waliona kwamba baadhi ya watu waliomeza vidonge vya probayotiki baada ya antibiotiki, wakazi wao wa zamani wa utumboni walichelewa kurudi. Kwa hiyo hata mikrobi nzuri si kitu cha kumeza miezi na miezi. Siku za dawa, na labda wiki moja baadaye, halafu basi.

Jambo lingine: si kila anayeng'olewa jino anahitaji antibiotiki. Jino bovu likitoka salama, bila uvimbe wala homa, mara nyingi dawa ya maumivu na maji ya chumvi vinatosha. Tunajua wengine wetu tunakasirika tukirudi bila vidonge vya rangi, tunasema munganga ametudharau. Hakutudharau. Na kama hukupewa antibiotiki, tumbo lako halijaguswa, maziwa ya mgando ni chakula tu kama vyakula vingine.

SHIMO LA JINO

Hapa tukae zaidi, maana hapa ndipo watu wanajiumiza kwa nia njema.

Jino likitoka, shimo linajaa damu, na damu ile inaganda. Bonge hilo la damu ndilo bandeji ambayo Mungu ametuwekea. Linafunika mfupa na mishipa ya fahamu, na nyama mpya inajengeka juu yake. Likitoka kabla ya wakati, mfupa unabaki wazi, na maumivu yake wanaume wazima wanalia. Yanaanza kwa kawaida siku ya pili hadi ya nne, yanapiga hadi sikioni, na mdomo unanuka. Likikupata hilo, usinunue antibiotiki dukani, haitakusaidia. Rudi kwa munganga, ataosha shimo na kuweka dawa ya kutuliza.

Kwa hiyo kazi yako siku ya kwanza ni kuliacha bonge hilo kwa amani. Uma kile kitambaa ulichopewa kwa nusu saa bila kukitoa kila dakika kuangalia damu. Usisukutue mdomo kwa saa 24, hata kwa maji ya chumvi. Usiteme mate kwa nguvu, yameze au yaache yatiririke. Usivute sigara wala ugoro usiweke, na kama unaweza ngoja siku tatu au zaidi. Usinyonye kitu kwa mrija, maana kunyonya ndiko kunakovuta bonge nje. Lala kichwa kikiwa juu kidogo. Usipeleke ulimi wala kijiti kwenda "kuangalia". Tunajua ulimi una tabia ya kutembea wenyewe, ujizuie.

Baada ya saa 24 anza maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji yaliyochemshwa na kupoa hadi vuguvugu. Yaweke mdomoni, inamisha kichwa huku na huku polepole, halafu yaache yaanguke yenyewe. Baada ya kila chakula na kabla ya kulala, muda wa wiki moja. Meno mengine endelea kuyapiga mswaki, ukikwepa tu pale penye kidonda. Mdomo mchafu ndio unaoleta usaha.

Na maziwa ya mgando? Msiyaweke ndani ya shimo. Tumesikia wanaochovya pamba katika mgando na kuibandika pale. Wengine wanaweka sukari, wengine majivu, tumbaku, hata maji ya betri ya redio. Vyote hivyo acheni. Wachunguzi wamejaribu vidonge vya kumung'unya vyenye mikrobi nzuri kwa watu waliopasuliwa mdomo, lakini tafiti zenyewe ni ndogo, na hakuna iliyotoa sababu ya kuacha chumvi na usafi. Yule muuza dawa aliyesema shimo litajifunga kwa siku mbili alisema uongo. Nyama ya juu inachukua wiki mbili tatu kujifunga, na mfupa wa ndani unahitaji miezi.

Kama chakula, mgando ni rafiki wa mtu aliyeng'olewa jino: laini, baridi, una nguvu. Kunyweni kwa kikombe au kijiko, upande usio na kidonda, dawa ya ganzi ikishaisha ili usijiume ulimi. Msitie sukari nyingi, maana sukari ndiyo iliyokuleta kwenye kiti cha munganga. Siku ya kwanza vitu vya moto havifai, uji upoe kabisa. Ndizi iliyopondwa, viazi laini, bugali laini na mchuzi uliopoa, lengalenga iliyoiva sana, vyote ni vizuri. Mahindi ya kuchoma, karanga na muwa vingoje.

KUTENGENEZA MGANDO SALAMA

Maziwa yanayopita hapa kwenye baiskeli na pikipiki, ndani ya jerikani, ni mabichi. Ng'ombe wa eneo hili wanaweza kuwa na ugonjwa wa brusela, ule wa homa inayoenda na kurudi, viungo kuuma na mimba kutoka, na wanaweza kuwa na kifua kikuu. Kuganda hakuui magonjwa hayo kwa uhakika. Msikubali anayesema "yakishachacha yamejisafisha".

Chemsheni maziwa hadi yapande, mwache yachemke kidogo mkikoroga. Yaache yapoe ndani ya sufuria ile ile iliyofunikwa, hadi ukiweka tone mkononi husikii joto wala baridi. Hapo ndipo unatia mbegu: vijiko viwili vikubwa vya yogati nzuri kwa kila lita, koroga kwa kijiko safi. Ukitia yakiwa moto umeua vijidudu, na tumesema faida iko katika walio hai. Mimina katika chombo kilichooshwa kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji ya moto, funika, funga kwa kitenge, weka mahali pa joto usiku mzima. Asubuhi yameshikana. Kibuyu cha bibi kina harufu tamu, tunakubali, lakini huwezi kukisugua ndani. Kwa mgonjwa tumieni sufuria.

Yakiwa na rangi ya ajabu, ukungu, au harufu ya kuoza badala ya uchachu, mwageni. Tunajua kumwaga maziwa kunauma. Yakiwa mazuri, msiyapashe moto tena, na msiyatie kwenye uji unaochemka. Uji upoe kwanza.

Kwa wale wa bushera: ni nzuri pia, ila ichujeni, maana chembe za mtama zinaingia shimoni na kukaa humo. Na ile iliyokaa siku nyingi inapata pombe. Anayemeza Flagyl amekatazwa pombe hadi siku mbili baada ya kumaliza dawa, kwa hiyo bushera ya wazee si yake. Anywe ile ya siku moja ya watoto, au maziwa.

Saa ya kunywa nayo ina maana. Meza antibiotiki yako, ngoja kama saa mbili, ndipo unywe mgando, ili dawa isikute vijidudu vyote mlangoni na kuviua. Amoxi haina ugomvi na maziwa. Lakini doksi na sipro zinashikwa na maziwa na kupoteza nguvu, kwa hizo fuata saa utakazoambiwa na munganga. Kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni kinatosha.

Wapo wasiopaswa kunywa vijidudu hai bila kumwuliza munganga kwanza: mgonjwa aliyedhoofika sana, mtu ambaye kinga yake iko chini sana kwa sababu ya virusi au dawa za saratani, na mtu mwenye ugonjwa wa vali za moyo. Huyo wa moyo, tena, amwambie munganga wa meno kabla ya jino kuguswa. Watoto chini ya miezi sita hawana chakula kingine ila ziwa la mama.

PESA

Hatuwezi kuandika juu ya maziwa kana kwamba yanamwagika bure. Mwaka 2025 WFP iliondoa watu karibu milioni moja kwenye mgao hapa Uganda, na jamaa nyingi zinazosoma ukurasa huu ni kati yao. Nusu lita ya maziwa ni uamuzi wa nyumba nzima. Kwa hiyo tunasema wazi: mgando ni msaada, si sharti. Asiyeweza kuununua asijisikie amemnyima mgonjwa dawa. Dawa ni zile alizopewa, na chumvi, na maji safi. Na vidonge vya kopo vya bei kubwa msiuzie chakula cha watoto. Mama yetu alipolipeleka lile kopo kituoni, muuguzi akasoma tarehe: lilikuwa limekwisha muda, na maandishi yalisema liwekwe kwenye friji. Lilikuwa limekaa kwenye rafu chini ya mabati. Vijidudu vilikuwa vimekufa zamani.

Kuna akina mama watatu wa upande wetu ambao wanachanga lita moja pamoja, kila mmoja analeta kidogo, wanagandisha mara moja na kugawana. Anayetaka kujua wanavyofanya aje atuulize, tutampeleka kwao.

UKIHARISHA KATIKATI YA DAWA

Usiache dawa peke yako. Kama ni choo laini mara tatu nne, bila damu, bila homa, endelea na dawa, kunywa sana, na siku ile ile au kesho yake pita kituoni uwaeleze. Wao wanaweza kukubadilishia. Kunywa maji ya ORS. Kama pakiti hakuna, chukua lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Mtoto anayeharisha apewe na zinki kutoka kituoni, kwa siku 10 hadi 14. Msinunue dawa ya kufunga tumbo.

Lakini usingoje kesho ukiona damu kwenye choo, homa kali, maumivu makali ya tumbo, au mtoto amelegea na hanywi. Na kwa upande wa jino, kimbia hata kama ni usiku ukiona uvimbe unashuka chini ya taya au kupanda kwenye jicho, mdomo unakataa kufunguka, mate hayamezeki, pumzi inabana, au damu inatoka tena na haikomi hata baada ya kuuma kitambaa safi kwa nusu saa mara mbili. Mama alingoja tangu mchana hadi saa tano ya usiku kwa sababu alitaka watoto walale kwanza. Wanganga wa Mbarara walimwambia uvimbe ule ukifika shingoni unaziba njia ya pumzi.

ULIZO MOJA LILILOBAKI

Bibi mmoja alitufuata nyumbani, akaongea kwa sauti ndogo. Mjukuu wake wa miezi mitano alikuwa akiharisha na homa. Mwanamke fulani akasema ni "ebinyo", meno ya plastiki, akayachokoa kwenye fizi. Bibi aliuliza: "Wanangu, nimpe mgando kidogo fizi zipone?"

Bibi yetu, na wengine ambao hawajathubutu kuuliza: hapana, msimpe mgando. Mpeni ziwa, na mleteni kituoni leo hii, hata kama mnaona haya. Hakuna atakayewafokea, tumeongea na wauguzi. Vile vyeupe vinavyochokolewa ni mbegu za meno yake, hasa yale ya chonge. Hayaleti kuharisha. Kuharisha kunaletwa na uchafu wa maji na chakula, na tiba yake ni ziwa, ORS na zinki. Kidonda kile, kilichofanywa kwa spoku ya baiskeli au kisu, kinaweza kuleta usaha, pepopunda, hata virusi vya ukimwi, na watoto wamekufa kwacho.

Mtoto wa bibi yule alipelekwa jioni ile ile. Alilazwa siku nne. Juzi tumemwona mgongoni mwa mama yake, ananyonya kidole.

Mwezi ujao, Mungu akitujalia, tutaongea juu ya meno ya watoto wanaoanza shule, na mswaki wa mti unavyotumiwa vizuri. Maulizo yenu leteni kwenye sanduku lililo mlangoni pa kituo, au mtushike mkono kama kawaida.